Vya kuongezea kwenye jimu ya uani: mwongozo kwa wapiga chuma wa Tanga

Mtu akishapata chuma kirefu, pleti chache, dambeli na benchi, wazo linalomjia ni moja tu: pleti zaidi. Ukipita jioni kwenye nyua za Ngamiani au Makorora utakuta makopo ya rangi yaliyomiminwa zege na kuchomekwa bomba, na kila kopo jipya ni zito kuliko lililotangulia. Mimi nasema hela ya pleti inayofuata iweke kwanza. Kinachokosekana kwenye jimu nyingi za nyumbani si uzito. Ni vile vitu vidogo vinavyokuwezesha kuutumia uzito huo ukiwa peke yako, bila kuumia, bila kupasua sakafu ya mwenye nyumba, na bila kutu ya pwani kukimaliza chuma kabla hujakifaidi.

Nimezipanga hatua kwa umuhimu. Mbili za mwanzo usiziruke hata kama mfuko ni mwembamba. Za mwishoni chagua mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua vipimo vya chuma chako

Kabla hujamfuata fundi, jua unacho chuma cha aina gani. Chuma cha mashindano cha wanaume kina uzito wa kilo 20, urefu wa mita 2.2, mshiko wenye unene wa mm 28 na ncha zenye unene wa mm 50. Cha wanawake ni kilo 15, mshiko mm 25, ncha ni zilezile za mm 50. Halafu kuna vile vyembamba vinavyouzwa kwa seti za nyumbani, unene wa kama inchi moja kutoka ncha hadi ncha, na pleti zake zina tundu dogo. Pleti za tundu dogo haziingii kwenye ncha nene, na za tundu kubwa zikivalishwa chuma chembamba zinacheza na kugongana kila unaponyanyua.

Habari njema ni kwamba mabomba ya maji ya chuma, yale mazito wanayouza maduka ya vifaa vya ujenzi, yanaoana na vipimo hivi utadhani yalipangiwa. Majina yake ya inchi hayaelezi unene wa nje, kwa hiyo shika hesabu hizi:

Bomba la robo tatu inchi lina unene wa nje wa karibu mm 27, linafaa pleti nyingi za tundu dogo. La inchi moja ni mm 33.7 kwa nje, na kwa ndani ni kama mm 27, kwa hiyo chuma chembamba cha mm 25 kinapita ndani yake. La inchi moja na nusu ni mm 48.3, linaingia kwenye pleti za tundu kubwa bila kulegea sana. La inchi mbili lina nafasi ya ndani ya karibu mm 53, na humo inaingia ncha ya chuma cha mashindano. Karibu kila kitu cha kuchomelea kwenye mwongozo huu kinatokana na mabomba hayo manne.

Ukienda dukani, usiende na namba peke yake. Beba pleti moja mkononi, ulijaribishe bomba palepale kaunta. Na ukifika kwa fundi sema wazi: "Fundi, nataka bomba zito la maji, silitaki lile jepesi la kutengenezea viti." Lile la viti ni jembamba ukutani, linapinda na linatoboka linapochomelewa. Kama bomba ni la mabati, yaani limepakwa zinki, mwombe akwangue zinki pale atakapochomelea, na kazi ifanyike nje penye upepo. Moshi wa zinki unaleta homa na baridi ya mwili saa chache baadaye, na mafundi wengi wanaijua homa hiyo hata kama hawaijui sababu yake.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii: pima pleti zako zote. Tumia mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, au nenda kwa muuza nafaka saa za jua kali ambapo hana wateja. Pleti za bei rahisi, na hasa za zege, mara nyingi hazina uzito ulioandikwa. Andika uzito halisi kwa rangi nyuma ya kila moja, kisha zipange mbili mbili zinazokaribiana. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege hutoka na kilo 9 na ushee, si 10 kama vijana wanavyopenda kusema.

Hatua ya 2: Mikono ya usalama

Hapa sitaki ubishi. Anayelala benchi peke yake uani, geti limefungwa na muziki uko juu, hana wa kumpokea chuma kikimshinda. Kikishuka kifuani kinabaki kifuani, au kinabingirika kwenda shingoni. Kwa hiyo kabla ya pleti nyingine, kabla ya mkanda, kabla ya glovu, pata mikono ya usalama, yaani kitu cha kukishika chuma pale nguvu zinapokwisha.

Kwa walio wengi njia nafuu ni stendi za tairi. Chukua matairi mawili chakavu ya gari dogo, simamisha katikati ya kila moja kipande cha bomba la inchi mbili, pima kwa timazi lisilale upande, kisha mimina zege. Zege linafikia ugumu wake uliokusudiwa baada ya siku 28. Kwa kazi hii lipe angalau wiki moja ukilinyeshea maji kabla ya kulibebesha kitu, na uzito mkubwa usubiri. Ndani ya bomba la inchi mbili chomeka bomba la inchi moja na nusu. Toboa matundu kila baada ya sm 5, na bolti ya mm 12 ipite kwenye mabomba yote mawili. Umepata stendi ya kupanda na kushuka.

Juu ya bomba la ndani fundi achomelee mkono: kipande cha chaneli (chuma chenye umbo la U) chenye urefu wa sm 40, kimelazwa mlalo, kingo zake mbili za mwisho zimeinuliwa kidogo ili chuma kisibingirike kuanguka. Laza raba ndani yake. Kama fedha zinaruhusu tengeneza jozi mbili, ndefu ya kutundikia chuma na fupi ya kukuokoa. Kama haziruhusu, tengeneza ile fupi kwanza, na chuma ukianzie hapohapo chini kila mzunguko. Kunyanyua chuma kilichotulia kabisa ni kugumu zaidi kuliko kushusha na kupandisha, lakini kunajenga.

Umbali kati ya stendi mbili: sehemu ya mshiko ya chuma cha mashindano, kutoka kola hadi kola (vile vizuizi vya ndani ambapo pleti zinaegemea), ni sm 131. Ziweke kama sm 110, zikae ndani ya pleti lakini zisikukwaruze vidole. Ziunganishe kwa chini na kipande cha bomba ili moja isiende zake mwenyewe ukiigusa.

Urefu ndiyo kazi yenyewe, na hapa chukua muda. Lala benchi, bana mabega nyuma, vuta pumzi ujaze kifua. Chuma kitupu kikigusa kifua kilichoinuka hivyo, mikono ya usalama iwe chini yake kwa sm 2 hadi 3. Sasa toa pumzi yote, lainisha mgongo. Chuma kinatakiwa kiwe kimelala kwenye mikono hiyo, na kati yake na shingo kiganja kipite. Kama hakipiti, panda tundu moja. Kwa kuchuchumaa na chuma begani, teremka mpaka mwisho wako wa chini kabisa, na mikono ya usalama iwe kidogo chini ya hapo. Jaribu kwa chuma kitupu, kiache kianguke makusudi, uone kinatua wapi.

Na kama leo hii huna mikono ya usalama na umeshikwa na hamu ya kulala benchi, basi usifunge vibano, vile vinavyozuia pleti zisitoke. Chuma kikikushinda unakiinamisha upande mmoja pleti ziteleze. Upande wa pili utaruka kwa kishindo na jirani atauliza kulikoni, lakini utakuwa mzima. Hiyo ni njia ya dharura, isigeuke mazoea.

Hatua ya 3: Vibano

Mahali pengine pote, kinyume chake, vibano ni lazima. Vile vya springi vinavyokuja na seti vinachoka. Utajua kwa kuvisukuma kwa kidole gumba, kikiteleza kitupe. Kwa chuma chembamba au bomba, klipu ya hozi inayokazwa kwa bisibisi inashika vizuri kuliko springi na inapatikana kwenye duka lolote la spea za magari. Zungushia kwanza kipande cha tyubu ya baiskeli chini yake ili isikwaruze. Kwa ncha za mm 50 nunua vibano vya plastiki vyenye kufuli ya kukunja. Ni kitu kimoja ambacho sioni faida ya kukitengeneza.

Hatua ya 4: Chini

Sakafu nyingi za nyua zetu ni saruji nyembamba juu ya kifusi. Pleti ya kilo 20 ikitua mara mbili tatu sehemu moja inaacha ufa, na kama umepanga, ufa huo utausikia siku ya kodi. Unahitaji tabaka mbili: mbao chini ya kusambaza kishindo, raba juu ya kukimeza. Ubao wa plaiwudi wa mm 18 unatosha kwa tabaka la chini. Raba nzuri ni mkanda chakavu wa konveya ukibahatika kwa wauza chuma chakavu. Kama huna bahati hiyo, mafundi wanaochana matairi kutengeneza katambuga watakukatia vipande bapa. Vipande viwili vya nusu mita kwa nusu mita, kimoja kila upande mahali pleti zinapotua, vinatosha. Katikati unaposimama pabaki ubao mtupu, maana raba laini chini ya miguu inakuyumbisha.

Pale pale pa kunyanyua kutoka chini, weka karibu kipande cha mbao chenye unene wa nusu inchi, ukubwa wa kiganja. Unapotaka kuongeza pleti, bingirisha pleti ya ndani ipande juu ya kipande hicho. Chuma kinainuka kidogo, pleti ya pili inaingia bila kukwama sakafuni. Madukani kuna jeki maalum za kazi hii. Sijaona kitu zinachokifanya ambacho kijiti hicho hakikifanyi.

Hatua ya 5: Chumvi ya bahari

Mtu wa Dodoma anaweza kuacha chuma chake nje na kikamsubiri. Sisi hatuna anasa hiyo, na aliyeko Raskazone au Sahare ana hali mbaya zaidi kuliko aliyeko Pongwe. Upepo unakuja na chumvi, chumvi inavuta unyevu, na jasho la mikono nalo ni chumvi tupu. Angalia kwa karibu ile sehemu yenye mikwaruzo ya mshiko: kutu haianzi juu, inaanza ndani ya vijifereji, vidoa vyekundu vidogo sana mahali ambapo jasho na vumbi vimegandana. Ukiifuta kwa kitambaa cheupe inatoka unga wa rangi ya matofali. Hapo bado hujachelewa.

Kifaa chako cha kuongezea hapa ni brashi na kopo la mafuta. Baada ya kila zoezi futa chuma kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa wiki, na mara mbili wakati wa masika, piga sehemu ya mshiko kwa brashi ya nailoni au ya shaba, kisha pitisha mafuta ya cherehani kidogo na kuyafuta mpaka mkono usione utelezi. Brashi ya waya wa chuma iache kwa fundi wa mageti, inakwangua kromu na kufungua mlango wa kutu. Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba inayo, yafae nywele na mchuzi. Kwenye chuma yanaoza na kunata, na vumbi linaganda juu yake.

Pleti na vipande vidogo vilivyoshika kutu sana viloweke kwenye siki nyeupe usiku kucha, visugue, visuuze kwa maji yenye magadi, kausha hapohapo na upake mafuta au rangi. Usiloweke chuma chenye kromu, wala springi, wala bolti ngumu, kwa kuwa asidi inadhoofisha chuma cha aina hiyo kwa ndani. Pleti za kupaka rangi anza na msasa, kisha rangi ya msingi ya oksaidi nyekundu, halafu rangi ya mafuta. Ukiruka rangi ya msingi, kutu itachomoza tena kabla masika mengine hayajafika.

Ncha za chuma cha mashindano zinazunguka. Zikianza kulia, zifungue kama zinafunguka, safisha, tia grisi kidogo sana. Na usilaze chuma sakafuni usiku. Saruji inatoa unyevu.

Hatua ya 6: Pleti ndogo za kupandia

Hiki ndicho kifaa ambacho ningekipigia debe kuliko vyote vya kununua, na ndicho watu wanachokicheka. Pleti ndogo ya kawaida ni kilo 1.25, kwa hiyo hatua fupi kabisa ya kuongeza ni kilo 2.5, pande zote mbili. Kwa mtu anayenyanyua kilo 120 kutoka chini hiyo si kitu. Kwa mtu, na hasa dada, anayesukuma kilo 30 juu ya kichwa, ni zaidi ya asilimia 8 kwa mkupuo mmoja. Wiki inapita, mwezi unapita, anagonga ukuta uleule, na anaamini mwili wake umefika mwisho. Mwili haujafika mwisho, ni ngazi tu iliyokosa vidato.

Tengeneza za nusu kilo na robo kilo. Kwa fundi mwenye chuma bapa cha mm 6, duara la upana wa sm 13 lenye tundu la mm 52 katikati linatoka na gramu 525 hivi, na duara la sm 10 lenye tundu hilohilo linatoka na gramu 270. Zote mbili zimezidi kidogo makusudi. Sasa fundi anachukua grainda, anakwangua ukingo, mnaweka kwenye mizani, anakwangua tena, mpaka isome 500 na 250. Usimwache afanye peke yake. Yeye ataona gramu 20 si kitu, na kwa geti kweli si kitu. Mbili mbili za kila saizi zinatosha, na ukianza na robo mbili tu, hatua yako fupi imekuwa nusu kilo.

Asiyetaka gharama ya fundi akanunue washa kubwa za bolti, azipime, azifunge kwa waya mafungu ya robo kilo na kuyaning'iniza kwenye ncha ndani ya kibano. Haipendezi, inafanya kazi. Kwa dambeli, ambazo mara nyingi haziongezeki kabisa, sumaku bapa kutoka spika zilizokufa zinashika vizuri upande wa chuma. Kwa dambeli za plastiki au zege sumaku haina msaada.

Hatua ya 7: Mshiko

Joto letu linafanya mikono iteleze kabla mgongo haujachoka. Chaki ya wanyanyuaji ni magnesiamu kaboneti, inakunywa jasho. Chaki ya ubaoni ni jasi au chokaa, inasaidia kidogo lakini inageuka uji haraka. Poda ya watoto usiiguse kwa mikono, kazi yake ni kutelezesha. Hifadhi chaki kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na usiiache juu ya chuma, maana unga ulioshika jasho ni kitanda cha kutu. Hapo unarudi kwenye brashi ya hatua ya tano.

Kamba za mkono za kuvutia uzito mkubwa tengenezewa na fundi viatu: utepe mnene wa pamba, upana wa sm 4, urefu wa sm 55, ncha moja imekunjwa na kushonwa kitanzi. Mshono uwe wa mraba wenye msalaba ndani. Tumia kwa seti za mwisho tu. Ukizivaa tangu seti ya kwanza mikono yako itabaki ya karani.

Kinyume cha kusaidia mshiko ni kuufanya mgumu makusudi, na hapa Tanga tuna mali. Mkonge tunao tangu 1893, Dakta Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida na 62 tu ikafika hai. Kutoka kwenye hiyo 62 yakaja mashamba yote yale. Kamba ya mkonge ya mm 8 ukiizungusha kwa kubana sana juu ya mshiko wa mm 28, unapata mshiko wa mm 44, mnene, mkavu, usioteleza hata jasho likitiririka. Anza kwa kulaza ncha ya kamba chini ya mizunguko ya kwanza, maliza kwa kuchomeka ncha ya pili chini ya mizunguko ya mwisho na kuivuta. Usifunge fundo, litakukata kiganja. Choma vinyweleo kwa moto wa kiberiti upesi upesi na ufute. Fanya hivi kwenye dambeli za mazoezi ya mikono au kwenye mishiko ya kubebea, si kwenye chuma chako cha mashindano, kwa sababu chini ya kamba unyevu unakaa na huoni kinachoendelea.

Lakini mkonge usiupe kazi ya kuning'iniza uzito juu ya mtu. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa, na unaoza kutoka ndani huku nje unaonekana mzima.

Hatua ya 8: Pini, na bomba la pembeni

Pini ya kupakia ni kipande cha bomba la inchi moja na nusu, urefu wa sm 35, chini kimechomelewa duara la chuma la sm 15 lenye unene wa mm 8, juu kitanzi cha nondo ya mm 12. Unashusha pleti juu yake, unashika kitanzi. Kitu rahisi hivyo kinakupa mambo mengi: mbili ukizibeba mkono huu na huu unatembea nazo uani, moja ukiifunga kwa mnyororo kiunoni unafanya dipsi (kujishusha na kujiinua kwa mikono) na kujivuta kwenye chuma cha juu ukiwa na uzito wa ziada, na ndiyo utakayoifunga kwenye kapi. Weldi izunguke duara lote, juu na chini ya chuma bapa, kwa kuwa uzito wote unavuta pale. Ijaribu kwa mara moja na nusu ya uzito utakaotumia, ikining'inia kimo cha kifundo cha mguu.

Mnyororo wa kiunoni uunganishe kwa shakeli za chuma za maduka ya vifaa vya uvuvi. Vile vikulabu vya rangi rangi vya kufungia funguo ni mapambo.

Bomba la pembeni ni kipande cha sm 25 cha bomba la inchi mbili, kimefungwa kwenye bamba la chuma kwa kiungo kinachocheza juu, chini, kushoto na kulia. Ncha moja ya chuma inaingia humo, nyingine unainyanyua wewe. Ukitumia chuma cha kilo 20 bila pleti, mkono wako unabeba karibu kilo 10, kwa kuwa nusu inabebwa na sakafu. Pleti unazoongeza kwenye ncha yako zinakuja karibu zote. Ni zoezi zuri sana kwa mabega yanayouma ukisukuma wima, na kwa kuvuta mgongo. Wengine wanachomeka ncha kwenye kona ya ukuta. Kwenye nyumba ya tofali hiyo inamomonyoa plasta, na kwenye nyumba ya zamani ya mawe na chokaa utafukua ukuta mzima. Kama hutaki kuchomelea, lalisha tairi, chomeka ncha ndani yake, kandamiza kwa pleti.

Hatua ya 9: Kapi

Kapi ndilo linaleta mazoezi ambayo chuma kirefu hakiwezi: kuvuta kutoka juu, kusukuma chini kwa misuli ya nyuma ya mkono, kuvuta usoni. Kapi moja lililofungwa juu halipunguzi uzito, linageuza tu mwelekeo wa kuvuta. Ila ndoano iliyolishika inabeba mara mbili: pini ya kilo 40 upande huu, na wewe unayevuta kilo 40 upande ule, jumla 80 juu ya kichwa chako. Kwa hiyo kenchi za paa, hasa za mbao laini ambazo mchwa wamezitembelea, si mahali pake. Lifunge kwenye fremu ya chuma au nguzo ya zege.

Chagua gurudumu la nailoni lenye beringi. La chuma la kisimani linakwama na kupiga kelele, na misuli inahisi kila kwikwi. Kamba iwe ya poliesta, mm 8 hadi 10. Ya nailoni inanyumbuka na ya plastiki ya rangi inaliwa na jua. Mshiko wa mikono miwili unatosha kutengenezwa kwa kipande cha kamba nene kilichopigwa fundo kila ncha. Hapa mkonge unaruhusiwa, ukikatika utaketi chini tu. Kila unapoanza, pitisha kamba yote kati ya vidole kutafuta nyuzi zilizokatika, kisha uvute mara moja ukiwa umesimama pembeni.

Hatua ya 10: Tyubu, na vya kuacha

Mji wetu wa baiskeli haukosi tyubu chakavu. Ya baiskeli inafaa kupasha mabega moto. Ya gari, ukiikata ukanda wa sm 5 kwa mzunguko, inakubeba ukijifunza kujivuta juu. Zisafishe kwa sabuni, zipake poda, zitunze kivulini, kwani jua linazipasua.

Vya kuacha: glovu nene zinazonenepesha mshiko bila wewe kupenda, sponji za kuvisha chuma begani zinazokifanya kiteleze, na mkanda wa kiuno mpaka uwe unanyanyua uzito wa kuuhitaji. Ukifika huko, fundi viatu akushonee wa ngozi wa upana wa sm 10, na uuning'inize penye upepo, la sivyo masika yataufunika ukungu.

Tyubu kabla ya kuifunga popote ivute mpaka mwisho mwanga ukiwa nyuma yake. Ukiona nyufa ndogo ndogo, ishushe cheo: ikate vipande vya sm 2, uvivalishe kwenye ncha za chuma kati ya pleti na pleti. Kelele zinapungua, na anayelala chumba cha pili hatakugongea ukuta alfajiri.